Wadogo wa Kahawia, Mabingwa wa Dunia: Nondo wa Taa ya Baraza Nambambo

Mvua za kwanza zikishapiga Nachingwea, mkoani Lindi, mwishoni mwa Novemba au Desemba, washa taa ya baraza katika kata ya Nambambo kisha kaa pembeni uangalie. Kabla chai haijapoa, ukuta umejaa. Kumbikumbi wanakuja kwa fujo na kudondosha mabawa yao kila mahali. Mende wanagonga balbu na kuanguka chali. Watoto wanawakimbilia wale nondo wakubwa wenye alama za macho kwenye mabawa. Ila wengi kati ya wageni wa usiku huo hawatazamwi na mtu: ni nondo wadogo wa rangi ya kahawia, wamekunja mabawa kama paa la nyumba, wamejibandika ukutani na hawatikisiki. Asubuhi ufagio unawakusanya pamoja na vumbi.

Hata jina lao limechukuliwa na wengine. Ukitaja nondo dukani, muuzaji anakuuliza unataka ya milimita 12 au 16. Ndiyo maana watu wengi huwaita tu vipepeo wa usiku, na wakishawaita hivyo habari imeisha.

Kwangu mimi habari ndiyo inaanzia hapo. Ukiulizwa nani kati ya wanyama wote anasikia sauti nyembamba kuliko wengine, jibu ni nondo mdogo wa kahawia. Nani kati ya jamii yote ya vipepeo na nondo ameenea nchi nyingi zaidi? Nondo mdogo wa kahawia. Ni mdudu gani wa shambani aliyeivamia Afrika kwa kasi ambayo wakulima walikuwa hawajaiona? Ni huyohuyo, wa aina nyingine. Jamii ya vipepeo na nondo ina aina takriban 160,000 zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi, na vipepeo wa mchana, wale wanaopigwa picha, ni kama 18,000 tu. Waliobaki ni nondo, na wengi wao ni wadogo, wana rangi ya udongo, gome au jani kavu. Rangi hiyo ni kazi kubwa ya maumbile. Kiumbe anayelala mchana kutwa juu ya gome la mti bila kuonwa na ndege hawezi kuvaa nyekundu.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa ni mahali pazuri pa kuwatafuta. Ni nchi ya miombo, ufuta, mbaazi, mahindi na korosho, na kila kimoja kati ya hivyo, pamoja na mizinga ya nyuki iliyotundikwa msituni, kina nondo wake.

Masikio makali kuliko ya mnyama yeyote

Warina asali wanamjua huyu kwa kazi yake kabla hawajamjua kwa sura. Unafungua mzinga ambao nyuki wake wamepungua nguvu, na badala ya masega unakuta utando mweupe mzito kama pamba iliyochanwa, vinyesi vyeusi vimenasa ndani yake, na viwavi wa rangi ya maziwa wakikimbia mwanga. Nyuki wakiwa wengi na wenye afya humfukuza. Kundi likidhoofika, au masega yakiwekwa ghalani bila uangalizi, yeye anamaliza kila kitu mpaka mbao za mzinga zinabaki na vishimo vya umbo la mtumbwi, mahali viwavi walipojichimbia kujisokotea vifukofuko.

Huyo ni nondo wa nta, Galleria mellonella. Akishakomaa ana rangi ya majivu iliyochanganyika na kahawia, mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 3 au 4 hivi. Hali chochote tena. Aliyokula utotoni ndiyo yatakayomfikisha mwisho wa maisha yake mafupi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, walimpigia sauti nyembamba, kisha nyembamba zaidi, wakipima kama sikio lake linaitikia. Liliitikia mpaka mitetemo 300,000 kwa sekunde. Vifaa vyao havikuwapeleka juu zaidi ya hapo. Binadamu mwenye masikio mazuri huishia 20,000. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kufika kiwango cha nondo huyu.

Sikio lenyewe liko tumboni, kwenye pingili ya kwanza, na lina seli nne tu za kupokea sauti. Sisi tuna maelfu katika kila sikio. Sababu ya kusikia hivyo ni popo, ambaye huwinda gizani kwa kupiga sauti nyembamba na kusikiliza mwangwi wake. Popo mwenye sauti nyembamba kuliko wote wanaojulikana ni wa kwetu Afrika: Cloeotis percivali, popo mdogo ambaye sayansi ilimpa jina mwaka 1901 kwa kielelezo kilichotoka Takaungu, pwani ya Kenya. Sauti yake hufika mitetemo kama 212,000 kwa sekunde. Kwa hiyo nondo wa nta anamsikia hata huyo, na bado ana akiba. Hiyo akiba ndiyo inayonishangaza. Amejiandaa kwa adui ambaye hajazaliwa.

Kuna jambo jingine juu ya huyu mharibifu wa masega. Federica Bertocchini, mwanabiolojia aliyekuwa akifanya kazi Hispania na kufuga nyuki nyumbani, alisafisha mzinga wake akawatia viwavi kwenye mfuko wa plastiki. Baada ya muda mfupi mfuko ulikuwa na matundu. Mwaka 2017 yeye na wenzake walichapisha matokeo: viwavi kama 100 walianza kuutoboa mfuko wa dukani ndani ya dakika 40. Mwaka 2022 wakaeleza kwamba mate ya viwavi hao yana vimeng'enya vinavyoanza kuivunjavunja polithini. Hili halina maana kwamba tuwamwagie takataka zetu viwavi wa nta. Wakiachiwa huru wanaweza kuharibu masega ya nyuki. Maana yake ni kwamba mtu alimtazama mdudu aliyekuwa anamchukia, akaona kitu.

Aliyeenea kuliko wote

Nenda kwenye bustani yoyote ya kabichi au sukuma wiki bondeni, geuza majani. Ukiona kiwavi mwembamba wa kijani, asiyezidi sentimita moja na kidogo, mguse kwa ncha ya kijiti. Atajinyonganyonga kwa kasi, atarudi nyuma, kisha atajiachia na kuning'inia kwa uzi wa hariri. Subiri dakika mbili atapanda uzi uleule kurudi kwenye jani. Hakuna kiwavi mwingine wa kabichi anayefanya hivyo kwa utaratibu kama huo, na akishaufanya mbele yako huwezi kumsahau.

Mamaye ni nondo mgongo almasi, Plutella xylostella. Ni mwembamba, wa kahawia, mabawa yakitandazwa hayazidi sana sentimita moja na nusu. Akitulia na kukunja mabawa, mstari wa rangi ya malai hutokea katikati ya mgongo, ukiwa na vipembe vitatu vya almasi. Wataalamu wengi wanamtaja kuwa ndiye aliyeenea kuliko aina nyingine yoyote ya vipepeo na nondo. Yuko kila bara penye mimea ya jamii ya kabichi, Nachingwea hadi Siberia, na ameshakutwa mpaka Svalbard, visiwa vya barafu kaskazini ya Norway ambako hakuna bustani ya kabichi ya kumlisha. Alifikaje? Kwa upepo. Nondo huyu hupanda hewani na kujiacha achukuliwe, akivuka bahari kwa makundi.

Kwa miaka mingi ilisemekana asili yake ni nchi za Mediterania. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchambuzi wa jinomu 532 za nondo huyu kutoka sehemu 114 duniani, na ushahidi wao ukaelekea Amerika ya Kusini. Hivyo hata ukoo wa mdudu anayejulikana dunia nzima huenda ulikuwa umeandikwa vibaya.

Ana rekodi ya pili ambayo mkulima anapaswa kuijua kuliko ya kwanza. Mwaka 1953, kisiwani Java, iliripotiwa kwamba DDT haimuui tena. Alikuwa wa kwanza miongoni mwa wadudu wa mazao kutajwa kwa usugu huo. Karibu mwaka 1990 ikathibitika Hawaii kwamba amezoea na dawa ya bakteria wa Bt mashambani, na hapo pia alikuwa wa kwanza. Anayepulizia dawa ileile kila wiki kwenye kabichi zake anamfundisha nondo huyu somo ambalo amekuwa akifaulu kwa miaka 70. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilichukua njia nyingine: mwaka 2002 kilianza kuachia Kenya kinyigu aitwaye Diadegma semiclausum, ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi huyu na mtoto wake akamla kutoka ndani. Kinyigu huyo hataki kulipwa, na kiwavi hajajifunza kumzoea kama anavyozoea dawa.

Aliyekuja mbio kuliko wote

Hapa hakuna mkulima wa mahindi, Nambambo au Ruangwa, anayehitaji kukumbushwa. Ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1797, na kwa zaidi ya karne mbili alibaki mdudu wa Amerika. Januari 2016 akaonekana Afrika Magharibi. Mwaka 2017 alikuwa Tanzania. Kufikia 2018 karibu nchi zote za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimemripoti, na mwaka huohuo akatokea Karnataka, India. Januari 2019 akaingia China kupitia Yunnan. Mwanzoni mwa 2020 alikuwa Australia. Miaka minne, mabara matatu.

Ukitazama alivyojengwa, mbio hizo zinaeleweka. Nondo mmoja anaweza kuruka kilomita 100 usiku mmoja, na akibebwa na upepo mkali huenda mbali zaidi. Jike mmoja hutaga mayai 1,500 au zaidi katika maisha yake ya wiki mbili hivi, akiyafunika mafungu kwa magamba ya mwili wake mwenyewe mpaka yanaonekana kama kiraka cha ukungu wa kijivu juu ya jani. Mimea aliyowahi kukutwa akiila imeorodheshwa kuwa aina 353. Mahindi ndiyo anayoyapenda, lakini hakuna siku atakufa njaa.

Sasa msogelee. Kwenye moyo wa mhindi utakuta kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Chambua majani taratibu, mtoe, mlaze kiganjani. Kwenye paji la uso ana mistari myeupe inayofanya herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Alama hizo mbili zikiwapo pamoja, huna haja ya kubishana na mtu. Nondo mwenyewe akija kwenye taa ni vigumu zaidi. Dume ana kiraka cheupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike ni kahawia na kijivu tu, na bila jicho lililozoea atapita kama nondo mwingine yeyote.

Wengi humchanganya na ndugu yake wa hapahapa, kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta, ambaye ana rekodi ya aina yake: hakuna anayetokea kwa ghafla kama yeye. Nondo wake, wa kahawia na kijivu, husafiri na pepo za mvua na kushuka pamoja mvua zinapoanza, na mashariki ya Tanzania na Kenya ndiko milipuko ya kwanza ya msimu huanzia. Viwavi wakiwa wachache wana rangi ya kijani na hawana makeke. Wakibanana, hugeuka weusi na kutembea kwa safu, na wanaweza kuzidi 1,000 katika mita moja ya mraba. Hula nyasi na nafaka. Mihogo na mbaazi hawazitaki. Kiwavijeshi wa Afrika anafagia shamba na kuondoka. Kiwavijeshi vamizi anahamia, na msimu ujao utamkuta.

Tanzania ina historia nzuri ya kumvizia huyu wa Afrika. Kwa miongo mingi mitego yenye harufu ya jike imetundikwa wilayani, nondo wakahesabiwa, na hesabu zikapelekwa Arusha ili wakulima watahadharishwe kabla mayai hayajaanguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, kazi hiyo ikajaribiwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe: mtego, kipima mvua, na mtu wa kuhesabu kila asubuhi. Naona hiyo ni mojawapo ya kazi bora za sayansi ya wananchi zilizofanyika nchini, na inafaa isemwe zaidi kuliko inavyosemwa.

Hasara kubwa kutoka mwili mdogo

Kantangaze, nondo wa nyanya, hana urefu wa punje ya mchele iliyokomaa vizuri. Mwili wake ni milimita 6 au 7, kijivu na kahawia, vipapasio kama vishanga vilivyotungwa. Kisayansi amejulikana sana kwa jina Tuta absoluta, aliyeelezwa na Edward Meyrick mwaka 1917 kutoka milima ya Peru. Alivuka hadi Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akathibitishwa Tanzania, upande wa Arusha. Ukilisikiliza jina walilompa wakulima utasikia ndani yake neno "kanitangaze", na kweli alijitangaza. Shamba la nyanya lisilohudumiwa linaweza kupotea lote. Kiwavi anaingia kati ya ngozi mbili za jani na kula nyama ya katikati, kwa hiyo dawa ya kupuliza juu inampita. Ukiliinua jani juani utaona madirisha yanayopitisha mwanga, na mara nyingine kivuli cha kiwavi mwenyewe akitembea ndani.

Wageni hawaji upande mmoja tu. Yule funza anayetoboa maganda ya mbaazi na vitumba vya pamba, Helicoverpa armigera, nondo wa kahawia mwenye doa la figo kwenye bawa, alikuwa wa Afrika, Asia, Ulaya na Australia. Mwaka 2013 alithibitishwa Brazil. Watu wa Amerika walitupatia kantangaze na kiwavijeshi vamizi. Na wao wamepata wa kwetu.

Wa Lindi zaidi

Ningeulizwa nondo mmoja wa kuwakilisha Nachingwea na Ruangwa, ningemtaja anayefunga majani ya ufuta. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ufuta nchini, na mnada wa ufuta ndio unaolipa ada na bati katika nyumba nyingi za huku. Nondo huyu, Antigastra catalaunalis, ana mabawa ya sentimita mbili hivi, rangi ya kahawia iliyopauka kuelekea manjano, kama ganda la kitumba cha ufuta kilichokauka. Akitua juu ya mmea uliokomaa haonekani.

Jina lake la pili linatokana na Catalonia, Hispania, kwa sababu huko ndiko alikookotwa yule aliyeelezwa na Mfaransa Duponchel katika miaka ya 1830. Wakulima wa ufuta wa Afrika na India hawakuulizwa. Uenezi wake halisi ni nchi za joto: Afrika, Asia ya Kusini, pande zote za Mediterania, na mara mojamoja nondo aliyebebwa na upepo huokotwa hata Uingereza, ambako hakuna ufuta.

Kazi yake inaonekana mapema kwa anayepita shambani kila siku. Majani mawili matatu ya kileleni yamesogezwa pamoja na kushonwa kwa hariri kama mtoto aliyefungwa kanga. Yafungue. Ndani kuna kiwavi wa kijani kibichi mwenye vidoa vyeusi, na vinyesi vyake. Akiwa bado mdogo anakula kilele na mmea unadumaa. Mmea ukishachanua anahamia kwenye maua, kisha anatoboa vitumba na kula mbegu. Tundu moja dogo kwenye kitumba linatosha kukifanya kisiwe na kitu cha kupima kwenye mizani ya chama cha msingi. Ushauri wa kupanda mapema, mvua zikishakaa sawa, unatokana na hesabu rahisi: nondo hawa huongezeka kadiri msimu unavyosonga, na ufuta uliochelewa hukutana nao wakiwa wengi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndicho chenye dhamana ya utafiti wa ufuta na mbegu za mafuta nchini, na ndiko zilikotoka mbegu ambazo wakulima wa huku wanazijua kwa majina kama Lindi 02 na Mtwara 09.

Ni ajabu kwamba nondo ambaye mapato ya wilaya mbili yanategemea asiongezeke, hana hata jina moja la Kiswahili ambalo kila mtu analikubali. Kantangaze alipata jina ndani ya muda mfupi. Huyu wa ufuta amekaa nasi muda mrefu kuliko yeye na bado anaitwa mdudu.

Wasafiri

Katika safari ndefu yenye shabaha, taji linakwenda Australia kwa nondo wa bogong, Agrotis infusa, wa kahawia iliyokolea. Kila majira ya kuchipua ya huko huruka usiku hadi kilomita 1,000 kutoka tambarare zenye joto kwenda kwenye mapango ya milimani, ambayo hajawahi kuyaona na ambayo wazazi wake, waliokwisha kufa, hawakumwonyesha. Ndani ya pango hujipanga kama vigae, wanaofika 17,000 katika mita moja ya mraba, na kulala majira yote ya joto. Mwaka 2018 ilionekana kwamba huhisi usumaku wa dunia. Mwaka 2025 Eric Warrant, David Dreyer na wenzao wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba pia husoma nyota: walipowageuzia picha ya anga la usiku, nondo wakageuza mwelekeo, walipozivuruga nyota, wakapotea. Ni mnyama wa kwanza asiye na uti wa mgongo kujulikana kutumia nyota kwa safari ndefu kiasi hicho. Ubongo wake ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Afrika nayo ina msafiri wake, ingawa si mdogo: nondo wa fuvu, Acherontia atropos, mwenye alama ya kichwa cha mfu mgongoni, anayelia kama panya akishikwa na kuingia mizingani kuiba asali. Mwaka 2022 wanasayansi walichapisha habari ya kuwafuata kwa ndege ndogo, kila nondo akiwa na kisambaza mawimbi mgongoni, wakivuka milima ya Alps kuelekea kusini. Mmoja walimfuata karibu kilomita 90 usiku mmoja bila kumpoteza. Hakuna mdudu aliyekuwa amefuatwa mfululizo mbali hivyo akiwa huru.

Ukubwa, udogo na ulimi

Haya nayapitia haraka, kwa kuwa yameandikwa sana. Nondo mwenye mabawa mapana kuliko wote ni Thysania agrippina wa Amerika ya Kusini, anayekaribia sentimita 30, na yeye pia ni wa kahawia na kijivu. Wadogo kuliko wote wako katika familia ya Nepticulidae. Baadhi yao mabawa yakitandazwa hayafiki milimita 3, na viwavi wao huishi maisha yote ndani ya unene wa jani moja. Ulimi mrefu kuliko wa mdudu yeyote ni wa Xanthopan praedicta wa Madagaska, sentimita 28.5 kwa mmoja aliyepimwa. Darwin alibashiri kuwapo kwake mwaka 1862 kwa kuliangalia ua tu. Nondo akapewa jina 1903, na mwaka 2021 akatambuliwa kuwa aina inayojitegemea, tofauti na ndugu yake wa bara, Xanthopan morganii, ambaye anaishi huku Afrika Mashariki na ulimi mfupi zaidi.

Fundi wa ukutani

Mmoja hana rekodi ya dunia, nami namweka kwa sababu yumo katika karibu kila nyumba. Tazama ukuta nyuma ya kabati au pembeni ya kitanda. Utaona kitu kama mbegu ya tango, bapa, rangi ya vumbi, urefu wa sentimita moja, kimening'inia au kinatambaa polepole. Ni nyumba. Kiwavi wa nondo wa jamii ya Tineidae ameijenga kwa hariri, mchanga, nywele na utando wa buibui, na ameacha mlango pande zote mbili. Anachungulia upande huu, ukimgusa anageuka ndani na kutokea upande wa pili. Anakula utando wa zamani, nywele na mabaki ya wadudu. Nondo anayetokea humo ni wa kijivu na kahawia, mdogo kama ukucha wa mtoto.

Kwa nini wote hawa wanaizunguka taa? Kwa muda mrefu tuliambiwa wanaipenda, au wanaidhania kuwa mwezi. Mwaka 2024 watafiti wakiwamo wa Imperial College London walichapisha picha za kamera za kasi zilizoonyesha jambo jingine: mdudu arukaye usiku hugeuza mgongo wake kuelekea kwenye mwanga, kwa kuwa kwa mamilioni ya miaka mwanga ulikuwa juu, angani. Taa ikiwa pembeni, mgongo unageukia taa, na mdudu anajikuta amepinda njia bila kutaka, akizunguka mpaka achoke. Hakuvutwa. Amenasa.

Basi usiku ukiisha kutazama, zima taa, waondoke. Na asubuhi, kabla ufagio haujafika ukutani, inama uwatazame waliobaki. Kama kuna dume wa kahawia mwenye kiraka cheupe karibu na ncha ya bawa la mbele, piga picha, andika tarehe na jina la kitongoji, mpelekee afisa ugani wa kata siku hiyohiyo. Mayai ya kiwavijeshi vamizi huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 4.